Spika ya Mjomba Elia

Juzi mpwa wangu alinionyesha kidude cha kukanyaga kwa mguu, kinachofanya gitaa likwaruze na kunguruma. Alikinunua Arusha. Nilicheka, maana sisi Karatu sauti hiyo tuliipata bure.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, Mjomba Elia alikuwa akiipigia kwaya gitaa kanisani, mbele ya wazazi wa binti aliyetaka kumwoa. Amplifaya ilikuwa imedondoka kwenye lori, karatasi ya spika ikachanika, naye akaibandika kwa gundi ya unga wa ngano. Ilipowashwa ilinuka vumbi linaloungua. Alipogusa nyuzi ilivuma hadi madirisha yakatetemeka, nami nikaamini ndani mna nyuki. Wazazi wa binti wakainamisha vichwa kwa aibu. Mjomba akaanza kulivua gitaa.

Hapo, spika ikiwa bado inavuma, akaingia kijana wa Kizungu kutoka kambi ya watalii, amevaa shati la drafti, nywele mabegani. Akafumba macho na kutikisa kichwa kwa nguvu. Sasa najua kwao wapiga gitaa walikuwa wakiitafuta sauti ile kwa makusudi. Bibi yangu, aliyekuwa akiwagawia wanakwaya maji, hakujua.

“Huyu ana degedege,” akasema, akammwagia jagi zima la maji.

Kijana akajifuta uso. “Tafadhali,” akamwambia mjomba, “tena.”

Mjomba akamtazama baba wa binti. Mzee akakaa vizuri kwenye benchi.

“Mpigie mgeni, mkwe wangu,” akasema. “Ila bibi anyang’anywe jagi.”