Chama cha Kusitiri Wageni

Zamani za Mwingereza, manamba, vibarua wa mkataba, walipita kijijini kwetu Vihingo wakienda mashamba ya mkonge na wakirudi. Waliokwenda walipita kwa makundi, wanaimba. Waliorudi walipita mmojammoja, na kuna waliochukuliwa na homa njiani kabla hawajafika kwao.

Mmoja wao alifia kwenye kibanda cha sokoni, jua la mchana likiwaka. Hakuna aliyemjua kwao wala dini yake. Sisi wa msikitini tukasema huyu ni Mkristo, misheni wamchukue. Wa misheni wakasema mtu wa kanzu kama huyu atakuwa Mwislamu. Kanzu yenyewe ilikuwa imechakaa, huwezi kujua aliinunua au alipewa. Tukabishana mpaka kivuli cha kibanda kikahamia upande wa pili, naye kalala pale, kafunikwa jamvi lililomfika magotini.

Ndipo akaja fundi seremala. Alikuwa Mlutheri, mtu mzima kunipita mimi, na kila mtu alimwita Fundi tu, hata mkewe. Alisikiliza kidogo, akaenda kwake, akarudi na jembe begani.

"Ninyi malizeni maneno yenu," alisema. "Mimi nakwenda kuchimba."

Tulimfuata. Sisi tulimsomea dua, wao wakamwimbia, tukamwachia Mungu ajue wa kwake. Tulipokuwa tunanawa mikono mtoni, Fundi akasema tusingoje mwingine afe ndipo tuanze kuulizana. Tuwe chama cha wanaume, tuwe na sanda na mbao tayari, tupeane zamu za kuchimba. Mgeni akifa kwetu, asitiriwe siku ileile. Tukakubali palepale. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo shule ya serikali, wakanifanya katibu.

Sikumuuliza kwa nini jambo hili lilimshika hivyo, maana kijiji kizima kilijua. Mtoto wake wa pekee aliondoka kwenda mkonge Tanga, wakati mimi bado sijaoa. Mwanzoni alituma salamu kwa watu waliorudi. Baadaye hazikuja tena.

Tukazika wageni kadhaa bila tatizo. Kisha jumbe, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali, akatuita. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na hofu. Wakati ule serikali ilisikia harufu ya siasa kila mahali penye wanaume waliokaa pamoja.

"Mimi najua mnazika," alisema. "Lakini boma hawajui. Chama kisichoandikishwa ni kosa. Nendeni Kisarawe, na mpaka mpate cheti, sitaki kuwaona mmekusanyika."

Tukaenda Kisarawe, mimi na Fundi, tukapanda vile vilima kwa miguu. Bwana Shauri, ofisa wa serikali pale bomani, alikuwa kijana wa Kizungu, mwenye Kiswahili kizuri kuliko tulivyotazamia. Hakutufokea. Alituuliza kwa upole, na upole ule ndio uliotuchosha.

"Waislamu na Wakristo katika chama kimoja. Mnapokutana, mnazungumza nini?"

"Zamu, bwana," Fundi akajibu. "Nani anachimba, nani anabeba."

"Na baada ya hapo?"

"Tunarudi mashambani."

"Kwa nini msiwaachie ndugu za marehemu?"

"Ndugu zao wako mbali, bwana. Hawajui kama mtu wao amekufa. Wengine mpaka leo wanamwekea chakula."

Bwana Shauri akatazama dirishani. Nilidhani maneno yamemwingia, na huenda yalimwingia kweli. Lakini akasema sheria inataka katiba iliyoandikwa sawasawa, turudi nayo, na kwa sasa kile alichotuambia jumbe kifuatwe.

Tulirudi Kisarawe mara ya pili na katiba niliyoinakili kwa mkono wangu bora. Siku hiyohiyo, huku nyuma, kijana mmoja manamba aliingia kijijini akitetemeka kwa homa, akakaa chini ya upenu wa duka, akafa hapo. Wenzetu wa chama wakatoka majumbani, wakamwona jumbe kasimama barabarani, wakarudi ndani. Walikuwa na wake na watoto, na habari za watu kufungwa walikuwa wanazisikia.

Mke wa Fundi alikuwa anatwanga. Aliposikia, aliacha mchi kinuni, akachukua jembe la mumewe, akawapitia wanawake wenzake nyumba kwa nyumba. Mke wangu naye akatoka. Kwetu mwanamke haendi makaburini, sembuse kuchimba. Jumbe akawazuia njiani.

"Mama, mnafanya nini? Amri mnaijua."

"Amri walipewa wanaume," mke wa Fundi alimwambia. "Sisi si chama. Tupishe, maiti anaharibika."

Jumbe akapisha. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba alipisha na kofia kaivua.

Tulifika jioni, jua bado lipo, tukawakuta wanawake wanashindilia udongo. Vilemba vimewalegea, nguo zimejaa udongo mwekundu, na mmoja alikuwa anainyonya damu ya malengelenge kiganjani. Fundi alisimama mbele ya lile tuta, akamwuliza mkewe kwa sauti ndogo, utadhani anauliza habari za mboga:

"Alikuwa kijana?"

"Kijana."

"Mrefu?"

"Nilimtazama, baba. Nilimtazama begani, nikamtazama na miguu. Siye."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Kisha akakaa chini kwenye udongo ule, mkewe akakaa karibu naye. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba katika wale wote tuliowazika, kila mara Fundi alipojitolea kumfunika maiti uso yeye mwenyewe, alikuwa anamtafuta mwanawe, na wakati huohuo anaomba asimwone. Na akirudi nyumbani palikuwa na mtu anamngoja mlangoni ampe jibu. Nilimtazama mke wangu, naye akageuza uso.

Cheti kilikuja baada ya mvua za masika. Jumbe mwenyewe alituletea, na tangu siku ile akawa mmoja wetu, anashika zamu kama wengine. Tulifurahi, lakini ile furaha haikumfikia Fundi. Alikishika cheti kwa mikono miwili, akakisifu karatasi yake nzuri, akanirudishia. Aliendelea kuranda mbao na kuchimba mpaka kifua kilipomkamata. Alikufa bila habari yoyote kutoka Tanga. Tulimzika watu wengi sana, wa misheni na wa msikitini, na katika kundi lile alikosekana mtu mmoja tu ambaye sote tulikuwa tunamwaza.

Arobaini ya Fundi ilipopita, mkewe aliniita kwake. Alikuwa amefunga mizigo, anahamia kwa dada yake huko Janga. Alinipa kiti, yeye akakaa kwenye mkeka.

"Katibu," alisema, "nina ombi kwa chama. Mume wangu alikuwa hataki nilitamke. Nataka kumkalia matanga mwanangu."

"Mama, kwani umepata habari?"

"Sijapata. Nimechoka kungoja. Nataka nilie kama wengine, kisha mnianulie tanga niondoke."

Nilipeleka neno lile kwa wenzangu. Mzee mmoja akauliza kama si mkosi kumlilia mtu ambaye huenda yu hai, na mwingine akasema katiba yetu haina kipengele cha maiti asiyekuwepo. Jumbe akasema basi tukae bila katiba. Hakuna aliyembishia.

Tukakaa siku zote za matanga, kama desturi. Wanaume tulilala uani kwenye majamvi, wanawake ndani, majirani wakaleta maharage na muhogo. Siku ya kwanza mama yule hakulia. Alikaa kaelekea ukuta, anaitikia pole za watu. Siku ya pili, wanawake wakiwa wanasonga ugali, tukasikia sauti yake ikitoka ndani, ikimwita mwanawe kwa jina la utotoni, jina ambalo sisi wote tulikuwa tumelisahau. Wanaume tukaacha mazungumzo. Alilia mpaka jua likazama, na hatukumwendea kumnyamazisha.

Asubuhi ya kuanua tanga alioga, akavaa, akatushukuru mmojammoja. Nilimbebea mzigo mpaka njia panda ya kwenda Mlandizi. Pale akaupokea, akajitwika, akaniambia nirudi, shamba langu lina magugu.