Mumi Juu ya Mpera

Mama yangu alihudhuria harusi yangu akiwa amesimama nje ya mlango wa kanisa la Wasabato, rozari mkononi, jua likimchoma utosini. Kuingia hakuingia. Alisema Mungu anamwona vizuri tu pale nje, na kama viapo vyangu ni vya kweli vitasikika hadi nje kwenye maua. Kwetu ni Karungu, nyumba ya wavuvi na Wakatoliki tangu enzi za babu. Mume wangu ni wa Awendo, mtoto wa Wasabato, ambaye nilizoea kumtania kwamba hata kuku wao huwahi kulala siku ya Ijumaa. Baada ya harusi ile mama yangu na mama mkwe hawakuzungumza tena. Hawakugombana, walinyamaziana tu, na kwa wanawake wenye midomo kama wale kunyamaziana ni kazi ngumu kuliko ugomvi.

Ningeweza kuishi na kimya hicho kama nisingekuwa mjamzito. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeharibika, na hii ya pili, iliyokuwa imefika mwezi wa nane, niliibeba kwa woga, kama mtu aliyebeba mayai sokoni. Nilijua hasa ninachotaka. Nilitaka siku ya kujifungua wanawake wale wawili wawe kando ya kitanda changu, wote wawili, na wawe wanaongea. Mmoja peke yake asingenitosha. Lakini mama yangu alikuwa ameapa hatakanyaga Awendo mpaka mwenye mji amwalike kwa mdomo wake, naye mama mkwe akawa anasema mlango wake haujawahi kuwa na kufuli. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na hapa nyasi zenyewe zilikuwa na miguu iliyovimba.

Nikamtuma mume wangu. Yeye huendesha trekta la kuvuta miwa na barabarani haogopi mtu, lakini kumkabili mama yake kulimchukua wiki nzima ya kukohoa na kuzungukazunguka. Mwishowe alimpigia simu mama yangu, akampa mama mkwe simu mkononi na kukimbia nje. Nikasikia mama mkwe akisema, "Kuja tukae na wewe Sabato hii. Utalala kwangu." Kwangu alimaanisha nyumbani mwake yeye, kwa sababu kwa desturi yetu mama halali katika nyumba ya binti yake aliyeolewa. Basi wale wawili wangelala chumba kimoja. Nilipiga magoti nikashukuru, kisha nikabaki pale pale chini nikimwomba Mungu asilale usingizi.

Ijumaa kwa Wasabato ni siku ya maandalizi, na mama mkwe, ambaye ni shemasi wa kanisa, huiendesha kama jemadari. Viatu vinapigwa rangi, nguo zinapigwa pasi, maharagwe, chapati na wali wa kesho vinapikwa na kufungiwa kwenye hotpoti. Jua likishazama hakuna jiko linalowashwa wala mzigo unaobebwa mpaka kesho yake jioni. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti nikikunja nguo, jua limeshakaribia kugusa miwa, bodaboda ikaingia. Mama yangu alishuka akiwa na kitenge chake kipya, na nyuma yake dereva akafungua kamba akashusha kapu.

Harufu ilinifikia kabla ya salamu.

Kapu lilikuwa limejaa mumi, wale kambare wakubwa wa ziwani, waliokaushwa kwa moshi mpaka wakawa weusi, kila mmoja amekunjwa mkia ukaingia mdomoni. Mama yangu hakuna anayemfikia kwa kukausha mumi. Huchagua kuni mwenyewe, hukaa na moto mchana kutwa akiugombeza. Kwetu ukimletea mtu mumi wa mama yangu umemheshimu yeye na ukoo wake. Na Msabato hali samaki asiye na magamba. Mumi hana gamba hata moja.

Alijua hawali nguruwe. Alijua hawanywi chai ya majani, na njiani alikuwa amekataa kununua majani kwa ajili hiyo, akajisifu kwangu. Ila mumi hakumfikiria, na nilikuja kujua kwa nini baadaye.

"Nimeleta hii samaki mwenyewe," alimwambia mama mkwe, akiwa amenyoosha mgongo. "Nimekausha na mkono yangu."

Mume wangu akatazama viatu vyake. Mimi nikamtazama mama mkwe. Aliangalia kapu, akaangalia jua, akaangalia tumbo langu. Kisha akapokea kapu kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema, "Ero kamano. Asante sana, mkwe."

Sasa mumi walikuwa wake, na jua lilikuwa limebakisha ukucha. Ndani ya nyumba hangeweza kuwaingiza. Kuwagawa mbele ya aliyewaleta kungekuwa matusi. Akamwambia mwanawe alitundike lile kapu juu kabisa ya mpera ulio uani, alifunike kwa gunia, kisha tukaingia ndani kuifungua Sabato kwa maombi. Mama yangu alidhani mumi wanahifadhiwa kwa karamu ya kesho. "Wanajua kutunza kitu," alininong'oneza. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia lolote. Nikamkumbatia.

Asubuhi paka wa kijiji kizima walikuwa wamekusanyika chini ya mpera. Sikujua kama Awendo ina paka wengi hivyo. Walikaa kwa nidhamu, nyuso juu, na kama si dhambi ningesema ndio waumini waliowahi mapema kuliko wote siku ile.

Mama yangu alikwenda nasi kanisani. "Yangu ni kesho," alisema, "lakini kuomba leo haiwezi kuniharibu." Alifika kwenye benchi akapiga goti kabla ya kukaa, kama anavyofanya siku zote mbele za Bwana, na mama mnene aliyekuwa nyuma yake nusura amwangukie. Ibada ilipoanza aliimba nyimbo asizozijua kwa sauti kubwa kuliko wanaozijua. Mama mkwe alimtazama mara moja, pembeni mwa jicho, na nikaona mdomo wake ukicheza. Nikaanza kutumaini.

Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alikuja kula nyumbani, kama ilivyo kawaida wageni kula kwa shemasi siku ya Sabato. Ni mtu safi, wa tai na kitambaa mfukoni, anayependa kusahihisha watu. Tuliketi uani kivulini. Upepo ukageuka. Mzee akanusa, akaweka chapati chini, akanusa tena, akainua macho hadi kwenye mpera na paka wake.

"Mama shemasi," akasema, "hii harufu naijua. Hiyo ni mumi. Mumi kwa boma ya shemasi, tena Sabato? Kitu najisi hiyo, si mngetupa kwa choo?"

Kijiko cha mama yangu kikasimama hewani. Nilimwona akielewa. Aliangalia maharagwe, akaangalia mpera, akaniangalia mimi, na uso wake ukawa mdogo. Sijawahi kumwonea mtu huruma vile maishani mwangu, na sijawahi kujichukia vile kwa kutomwambia.

Mama mkwe hakuinua sauti. Alimmiminia mzee maji kwanza.

"Mzee, hiyo samaki ni ya mkwe wangu. Amekaa kwa moshi mchana mzima juu ya sisi. Mimi sitakula, na Mungu anajua sitakula. Lakini kwa choo haiendi. Hiyo ni heshima yangu iko kwa mti."

Mzee akajikohoza. Mama yangu alimtazama mzee yule kwa muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande, kama anayemtafuta mtu katika kumbukumbu. Nikaona amempata. Mdomo ukafunguka. Halafu, nami namjua mama yangu, najua gharama ya jambo lile kwake, akaufunga. Alimalizia maharagwe yake.

Mzee alipoaga tu, mama alikwenda ndani kujifunga kitenge chake cha safari. Nikamfuata nikijikongoja. Alikuwa analia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe na juu yangu, nusu kwa nusu.

"Si ungeniambia! Ningeleta ngege! Ngege iko na magamba mpaka kwa shavu!"

"Mama, niliogopa utarudi."

"Na sasa narudi."

Mama mkwe akatokea mlangoni. Akauziba wote, maana ni mpana. "Nyar Rusinga," alimwita, kwa kuwa mama alizaliwa Rusinga, na kumwita mwanamke kwa nchi ya kwao ni kumwita kwa adabu, "ukienda saa hii watu watasema umefukuzwa na samaki."

"Nimechafua nyumba yako, mkwe."

"Nyumba yangu haina mdomo. Haijakula kitu."

Mama akapangusa macho. Alitaka kubaki, nilimwona, ila hakupata njia ya kushuka kwenye hasira yake. Basi akasema kile kilichokuwa kinamwasha kooni tangu mezani. "Na huyo mzee wako, mimi namjua. Wacha nikwambie..."

Mama mkwe akainua mkono. "Ngoja kwanza. Ni habari njema ama ni udaku?"

Mama akafikiri kwa uaminifu. "Ni udaku."

"Basi Sabato hatuongei udaku. Ngoja jua liingie."

Na kwa neno hilo mama yangu akafungwa pale Awendo kuliko kwa kamba. Mtu mwenye udaku mbichi hawezi kusafiri nao. Alirudisha kitenge kwenye mfuko, tukatoka tukaketi uani, wanawake watatu na paka. Mama mkwe alifungua Biblia akatusomea Zaburi, lakini sijawahi kumwona akilitazama jua mara nyingi vile. Mara aliuliza kama miwa ile ya jirani si mirefu mno, pengine inatuficha machweo. Mume wangu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Jua likafika mwisho. Tukasimama kuifunga Sabato, na mama mkwe, ambaye katika mji ule hakuna aliyewahi kumnyang'anya maombi ya kufunga, akasema, "Mgeni atuombee."

Mama yangu akafanya ishara ya msalaba, kubwa, bila kuificha. Nikaona bega la mume wangu likikakamaa. Mama mkwe alifumba macho tu. Mama aliomba kwa maneno machache. Alimwombea mtoto wangu avuke salama. Aliniombea mimi. Aliomba msamaha kwa ajili ya mlango wa kanisa ambao hakuuingia. Kisha akaanza Baba Yetu, nasi tukadakia. Pale penye kuokolewa na maovu akasema "Amina" kwa nguvu, kwani sala ile kwa Wakatoliki huishia hapo, na tayari alikuwa akitafuta kiti. Wenzake wakaendelea na ufalme na nguvu na utukufu. Mama akafumbua jicho moja, akatuona bado tumesimama, akarudi mbio kutufikia kwenye "milele". Mama mkwe alicheka katikati ya Amina yake.

"Haya," akasema kabla hata hatujaketi, "huyo mzee."

Mzee yule, mama akaeleza, kila akifika Karungu kwa shughuli zake hupitia mlango wa nyuma wa kibanda cha mama na kununua mumi mnene kuliko wote. Husema ni wa mbwa. Wasabato kadhaa wa ziwani hufanya hivyo hivyo, ndiyo maana mama hakujua kwamba ni mwiko. Siku moja mzee alirudi kulalamika kwamba ule wa juzi chumvi ilizidi.

Mama mkwe alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Alishika bega la mama yangu ili asianguke, akabaki amelishika hata baada ya kicheko kuisha. Halafu akapangusa macho na kusema hatutamwambia mtu yeyote, tutamwombea tu, yeye na mbwa wake. Na hakumwambia mtu. Jumapili asubuhi alilishusha kapu mwenyewe, akalishika mbali na gauni lake, wakalipeleka pamoja kwa jirani Mkatoliki mama yangu akiwa njiani kwenda misa.

Uchungu ulinishika wiki tatu baadaye, alfajiri, tukaenda hospitali Migori, mama yangu akatukuta huko kutoka Karungu. Kanuni ilikuwa mtu mmoja tu aingie na mzazi. Waliingia wote wawili, kila mmoja akimwambia mkunga kwamba yeye ndiye mama. Nilikuwa naogopa sana. Nilifikiria ile mimba ya kwanza, nikawaambia siwezi. Wakanishika mkono huku na huku, na mama mkwe akaanza Baba Yetu.

Alipofika kwenye maovu akanyamaza. Nilidhani amesahau, au machozi yamemzidi. Nikamtazama. Alikuwa amemgeukia mama yangu, anamsubiri.

Mama akasema Amina yake, bila haraka. Ndipo mama mkwe akavuta pumzi akaendelea na ufalme na nguvu na utukufu, mama yangu akienda naye neno kwa neno hadi mwisho. Nikawabana mikono wote wawili kwa nguvu zangu zote, nikasukuma.