Ubeti wa Baba

Mtoto wa baba mkubwa ana sauti ambayo ningeiiba, kama sauti zingeibika. Anatengeneza simu mjini Gitega, anavaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha, na hajawahi kumaliza kitabu changu hata kimoja. Lakini ukoo ukikusanyika, yeye ndiye anayepewa fimbo ya msemaji.

Siku dada yake alipotolewa mahari, mimi na baba tulitoka Muyinga mapema kwenda kwao Makebuko. Mtungi wa pombe ya mtama ulikuwa umeshawekwa katikati, mirija imesimama ndani yake. Ndugu yangu akainuka. Kwetu mwanamume hujitungia ubeti wa majigambo, akausema mwenyewe mbele ya watu, na wanaomfuata wakaendelea kuusema. Beti hizo zikifuatana ndizo historia ya ukoo, hatuna nyingine. Alianza na babu wa babu aliyemwangusha chui, akaja kwa babu aliyefuata ng'ombe walioibwa hadi akawarudisha, akafika kwa baba yake. Sauti ikapanda, ikashuka, watu wakaitikia. Kisha akajitaja mwenyewe.

Baba yangu hakuwemo. Tulikimbilia kambi ya wakimbizi Tanzania nikiwa mtoto wa kubebwa, tukarudi nimeshaota ndevu.

Lakini si hilo lililoniuma kwanza. Niligeuka nikamwona baba akichezesha midomo, akifuata kila neno, haachi hata moja. Miaka yote ile kambini alikuwa na beti hizo kifuani, na mimi hakunipa hata mstari. Na jinsi alivyomtazama yule ndugu yangu! Vitabu vyangu huvipokea kwa mikono miwili, akavipangusa, akaviweka juu ya kabati.

Nikamfuata ndugu yangu nje. "Mbona baba yangu umemruka?"

"Bon, mi nimruke vipi? Hajasema kitu. Ubeti wake uko wapi?"

"Nitamtungia mimi."

Alicheka hadi miwani ikamteremka puani. "We? Na Kirundi chako cha kambini? Ng'ombe wenyewe watakimbia!"

Nilikaa nyuma ya nyumba nikautunga kwenye simu. Nikafuta, nikaandika tena. Niliporudi ndani niliomba fimbo, nikasimama, nikaanza kusoma. Sikumaliza mstari wa pili. Shangazi mmoja aliachia mrija wake na kupaza sauti: "Jamani, leo simu ndiyo inajigamba?"

Nyumba nzima ikacheka. Nikabaki pale, fimbo mkono huu, simu mkono ule.

Baba akainuka. "Mwanangu, lete."

Nikampa simu.

"Si hiyo."

Alichukua fimbo, akaigonga chini, akakohoa. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwetu:

"Ni mimi niliyeacha mkuki mlangoni, nikabeba mtoto. Mto Ruvubu ulinifika kidevuni. Yeye ulimlowesha nyayo tu."

Watu wakaitikia, shangazi yule akiwatangulia. Nami nikainamisha uso, maana nilikuwa nimekipata nilichokitaka na machozi yalikuwa yananilenga.

Tulipokuwa tukiagana, mtoto wa baba mkubwa aliurudia ubeti wote. Alikuwa ameusikia mara moja tu. Pale baba alipokohoa, yeye aliishusha sauti, ubeti ukapendeza kuliko ulivyozaliwa. Baba akapiga makofi kama mtoto.

Tangu siku hiyo ndugu yangu anausema kila harusi, na hakosi kunipigia simu kunisimulia watu walivyoitikia. Mimi ninao kwa maandishi, safi, na alama zake zote. Nikijaribu kuutamka peke yangu huku Muyinga, unakuwa mzito kinywani.

Mtoni pale, mgongoni mwa baba, nilikuwa mimi. Ndugu yangu hakuwepo. Lakini watu wakitaka kuuona ule mto, humtazama yeye.