Maji ya Majivu kwenye Mboga ya Baba

Siku daktari alipotuambia kwamba figo za baba zimechoka, neno nililolishika vizuri ni moja tu: chumvi. Alieleza mengi. Maharage yaliwe kwa kipimo, ndizi aziache, dagaa wakavu waishie huko huko sokoni, mboga za majani zichemshwe na maji yake yamwagwe. Nilitikisa kichwa kama mtu anayeelewa kila kitu. Tulipofika kwangu Milanzi nilichukua kopo la chumvi nikalimwaga shimoni, baba akiwa ananitazama.

Baba ni mkulima wa kijijini Mollo. Alihamia kwangu mama alipofariki, akaja na jembe lake, ingawa uani kwangu hapatoshi hata tuta moja. Bila chumvi alikuwa akila matonge matatu ya ugali wa ulezi, kisha anasukuma sahani.

"Mama, hii mboga umeipika au umeiosha?" aliniuliza siku moja.

Nilicheka. Lakini shati lilikuwa limeanza kumpwaya mabegani, na nikaanza kuogopa kwamba njaa itamuua kabla ya figo.

Ndipo nikakumbuka alivyokuwa akipika mama. Kwetu, maharage yakishapigwa, maganda hayatupwi. Huchomwa, majivu yakatiwa kwenye chungu kilichotobolewa chini, yakamwagiwa maji, na yale maji yanayodondoka, yenye rangi ya chai, ndiyo yanayotiwa kwenye mlenda na majani ya maboga. Mboga hulainika, na ulimini unahisi kama kuna chumvi. Nikajiambia kwamba hii si chumvi ya dukani, ni kitu cha shambani, bibi zetu wameila mpaka wakazeeka. Niliagiza gunia la maganda kutoka Mollo. Chungu sikuwa nacho, nikatoboa ndoo ya plastiki kwa msumari. Nilijiona mjanja kuliko daktari, niseme ukweli.

Na baba alikula. Jamani, alikula! Alifuta sahani kwa tonge la mwisho, akaniambia nimepika kama marehemu. Kwa majuma mawili nilitembea kifua mbele.

Asubuhi moja ya upepo mkali alikuwa ameketi kando ya ukuta akiota jua. Nikamwita anywe uji, akashindwa kuinuka.

"Miguu si yangu," alisema. "Na moyo unaruka, unatulia, unaruka."

Niliweka kiganja kifuani pake. Moyo ulipiga, ukanyamaza. Nilisubiri. Ukapiga tena. Nimezaa watoto watatu na nimezika mama, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa katika kile kimya kifupi chini ya mkono wangu. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja na gari.

Hospitali walimbandika waya kifuani, wakamtoa damu, wakaanza kukimbizana. Nesi mmoja akaja na daftari kuniuliza baba anakula nini. Nikamsomea orodha ya vilivyokatazwa kwa majivuno, hata katika hofu ile. Ndizi, hapana. Dagaa, hapana. Chumvi, hata punje haiingii nyumbani.

"Sasa mzee anakulaje mboga isiyo na ladha?"

"Namchujia maji ya majivu ya maganda ya maharage."

Aliacha kuandika.

"Dada, majivu hayo yana potasiamu nyingi sana. Hiyo hiyo iliyofanya mkakatazwa ndizi. Figo zake haziwezi kuitoa, inabaki kwenye damu. Ikizidi, moyo unasimama."

Hakusubiri nijibu, alikwenda mbio kumwambia daktari. Mimi hasira yangu haijawahi kukosa mtu wa kumwangukia, lakini siku ile ilikosa. Daktari hakutaja majivu kwa sababu hakujua kama yapo jikoni kwangu. Sikumuuliza. Nilisimama pale ukumbini nikihesabu sahani nilizompa baba kwa mikono yangu mwenyewe.

Walimuwahi. Moyo ukarudi kwenye mwendo wake, lakini figo, daktari alisema, hazitarudi zilivyokuwa. Nilimweleza baba kila kitu akiwa bado kitandani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Hukujua, mama."

Sasa nachemsha mboga, namwaga maji, naunga kwa kitunguu na tone la limau. Siweki kitu kipya chunguni bila kumpigia nesi simu, na hata akisema sawa, bado mkono unasita. Nilidhani baba ataogopa chakula changu. Hakuogopa. Ananawa, anafanya ishara ya msalaba, anakula chochote ninachomwekea, na haulizi nimetia nini. Namkazia macho kifuani mpaka amalize. Natamani angeuliza.