Shimo la Makumbi na Hewa ya Wataalamu

Mimi niliishia darasa la nne, lakini mjukuu wangu anasomea miamba chuo kikuu, na nasema hadharani: damu yangu hiyo. Mwaka jana alikuja kwetu Mangapwani na wataalamu anaofanya nao kazi. Walitaka kutoboa shamba langu, hatua chache kutoka kisimani, waone kama mwamba wa chini unaweza kufungiwa hewa chafu ya viwandani isipande angani.

Tukakusanywa skuli. Mkubwa wao akasema kila kitu salama kabisa, wenye mashamba tutie saini tu.

Nikanyanyua mkono. "Baba, sisi wanawake wa hapa kufukia ndiyo kazi yetu. Makumbi ya nazi tunayafukia pwani miezi mpaka yaoze, ndiyo tupate nyuzi za kusokota kamba. Juu tunapanga mawe. Kila bamvua, maji yakijaa sana, mwenye shimo huenda kuyaangalia. Mwaka mmoja nilikwenda harusini Makunduchi nikajisahau. Narudi, makumbi yashaelea, pwani nzima inanuka."

"Na wewe unanuka mpaka leo!" shoga yangu akapiga kelele kutoka nyuma. Skuli nzima ikacheka.

"Nyamaza, huna hata shimo!" Nikarudi kwa mkubwa. "Sasa hewa yenu mtaifukia milele. Mawe ataangalia nani? Wewe ukistaafu, kisima changu atakijulia hali nani?"

Akaanza maneno marefu. Nikamgeukia mjukuu wangu. "Sema wewe."

Aliinamisha uso, kisha akauinua. "Bibi, atakayeangalia baada yetu bado hajaamuliwa. Na mwamba wenyewe hatujaujua vizuri. Una matundu mengi."

Mkubwa alimkata jicho. Mimi kifua kilinijaa fahari.

"Basi saini yangu mtaipata hayo yakishaandikwa," nikasema. "Kabla ya hapo, hapatobolewi kitu."

Wakakunja karatasi zao, wakaondoka. Mjukuu alibaki kula muhogo wa nazi kwangu.

"Bibi, umenitia matatani kazini."

"Kula. Mwongo angekuwa matatani na mimi."

Mpaka leo mashine haijaja, na kisimani tunateka kama kawaida. Kazini hawakumfukuza, wamempa kazi ya kuliandikia hilo swali langu, nani ataangalia. Bamvua iliyofuata alikuja kutoka mjini, Mpendae, akavua viatu, tukaenda kuangalia mawe ya shimo langu. Moja lilikuwa limesogea. Akalirudisha, akalikanyaga mara mbili, kama nilivyomfundisha mama yake.