Siku Mama Alipompelekea Mwalimu Swali la Kinu

Enzi zetu, pale Masaki ya Kisarawe, uongo wa mtoto ulihitaji akili. Hatukuwa na simu ya kusingizia chaji. Wa kwangu niliupata darasani.

Mwalimu Kondo, kijana aliyerudi kutoka chuoni na kaptula iliyopigwa pasi ya mkaa hadi ikaweza kukata muhogo, alitusomea kitabuni kwamba chembe ndogo mno, ambazo ndizo zimejenga kila kitu, huweza kupita matundu mawili kwa wakati mmoja. Nikaona elimu hatimaye ina faida.

Jumamosi ile niliachwa shambani kulinda muhogo. Nikatoroka kwenda kucheza rede, na nyani wakang'oa matuta manne. Mama alipouliza nilikuwa wapi, nikamjibu, "Shambani, na uwanjani pia. Mwalimu amesema chembe hukaa kotekote."

Hakunipiga, nami ndipo nilipoogopa. Alijifunga khanga, akanishika mkono kwenda kwa mwalimu. Njiani akasema kama ndiyo haya ninayofundishwa, Jumatatu nitabaki nyumbani kutwanga. Nikalia kweli. Shule niliipenda, hata uji wake wenye wadudu.

"Shikamoo, mama," alisema Mwalimu Kondo.

"Marahaba. Kinu changu kinaweza kuwa jikoni na uani kwa wakati mmoja?"

"Hapana, mama. Vitu vikubwa hukaa mahali pamoja."

"Si kimejengwa kwa hizo chembe zako?"

"Ndiyo."

"Sasa zinaacha utundu zikifika ngapi? Punje ya mtama? Korosho?"

"Sijui, mama. Hata hao wenye vitabu bado wanabishana."

Mama alimtazama sana. Jumbe, karani, muuza dawa, hakuna msomi aliyewahi kumwambia hajui.

"Basi Mwanaidi atarudi shule," akasema. "Ila mwambie yeye si chembe."

Wajukuu zangu wana majibu yote mfukoni, na wananisahihisha kabla sijamaliza kusema. Wazazi wao wakienda shule ni kugombania alama, wakishapata wanawasha gari. Mama yangu hakujua kusoma hata jina lake. Alikaa na Mwalimu Kondo barazani mpaka adhana ya magharibi, wakibishana kama jiwe ni kubwa au dogo, wakicheka kama watani, nami nimesimama pembeni, nikiwaonea wivu.