Chachu ya Gracia

Ukuta wa uani kwa Mama Gracia na wangu ni mmoja, hapa Kamalondo, kwa hiyo miaka yote nimeshona nguo za watu huku nikinusa pombe yake ya mahindi. Jina lake ni Agnès, lakini nani anamwita hivyo? Tangu ajifungue amekuwa Mama Gracia, na hakupata mtoto mwingine.

Gracia alizaliwa na ugonjwa wa damu, ule tunaouita SS. Maumivu yakimshika mifupani, alilala wiki nzima. Kuchota maji hakuweza, kutwanga kimea hakuweza. Mama yake akampa kazi ya kukaa: kutunza chachu. Wapika pombe wengine huchukua tu machicha ya pombe iliyopita wakayatumbukiza kwenye mpya. Gracia alianzisha ya kwake kwenye chupa kubwa ya plastiki, akailisha uji mwepesi na sukari kidogo. Uji ulipaswa uwe umepoa, maana wa moto unaiua. Alitikisa chupa, akalegeza kifuniko, akaiweka karibu naye. Siku moja mama mtu alikikaza, kikaruka, uji ukafika darini. Gracia alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, iko inapumua," alisema. "Usifungake sana."

Pombe ikapata jina. Hata wanaume wa ofisi walitoka mjini kuifuata, na Mama Gracia aliwaambia wote kuwa ni mkono wa mtoto. Mimi nilimtania Gracia kwamba hatapata mchumba kwa kunuka chachu. Akanijibu kuwa mchumba asiyependa pombe hamtaki.

Mvua zilipoanza mwaka huu, maumivu yalimpanda kifuani. Asubuhi ile, kabla ya kupelekwa hospitali, aliilisha chachu yake akaketi kusubiri teksi. Hakurudi.

Kilio kikakaa uani kwao. Sasa, akina mama wa kilio nawajua: wanakuja kulia, wanaishia kupanga upya nyumba ya mwenzao. Tulipotoka makaburini, Mama Gracia alinawa mikono, akawapita watu wote akaenda moja kwa moja jikoni. Nikamfuata. Chupa ilikuwa mezani, inang'aa, imegeuzwa mdomo chini. Séphora, mke wa shemeji yake, alikuwa anajifuta mikono.

"Nilikusafishia vyote, yaya," alisema, kama tunavyomwita dada mkubwa. "Kulikuwa kintu kimeoza mu chupa, kilikuwa kinanuka mubaya. Nilikimwanga."

Nilifungua mdomo ili nimpe maneno yake. Hasira ilinipanda, nasema kweli. Mama Gracia akanishika mkono.

"Merci, Séphora," alisema. "Ulitumika kazi mingi."

Kisha akaketi sakafuni na ile chupa mapajani, akalia kilio ambacho hata makaburini hakukilia. Kitu alichokilisha mtoto kwa mkono wake, kilichokuwa bado hai ndani ya nyumba ile, kilikuwa kimekwenda na maji ya mtaro. Séphora alimpigapiga mgongoni bila kujua lolote, na mpaka leo hajaambiwa.

Siku ya kumaliza kilio haiwezi kupita bila pombe. Mama Gracia aliomba machicha kwa mpika pombe wa barabara ya nyuma, akapika. Nilimkuta akikoroga, uso umetulia kuliko nilivyotegemea.

"Itakuwa mubaya," aliniambia. "Wacha ikuwe mubaya. Bantu bakikunywa, batajua kama Gracia haiko tena."

Hicho ndicho alichokuwa anakitaka, na sikumlaumu. Hata mimi nilikitaka.

Siku ilifika, watu wakanywa. Séphora akaomba kikombe cha pili. Wazee wa ukoo wakasifu, wakasema mkono wa nyumba hii haujapotea. Mama Gracia alisimama na mtungi wake akiwatazama midomo mmoja mmoja. Hatimaye akaja kwangu na kikombe.

"Onja, fundi. Usinidanganye."

Nilionja. Mimi kazi yangu ni kutafuta mshono uliopinda, na siku ile nilitafuta kasoro kwa moyo wangu wote. Nikanywa tena. Kasoro sikuiona.

"Iko ileile," nilimwambia. "Hakuna kenye kupunguka."

"Njo vile nilionja na miye," akasema, akarudi kuwajazia watu vikombe.